Homuweki Iliyonifunza Historia

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii niliisikia nikiwa darasa la nne, na kwa muda mrefu niliitumia kama ngao yangu dhidi ya somo la Historia. Kila mara nilipopata alama za chini nilijiambia, "Kwani hao waliokufa zamani watanilipia karo?" Leo, ndugu msomaji, nimeshika kalamu ili kukueleza jinsi ngao hiyo ilivyovunjika mikononi mwangu. Kisa chenyewe si cha kujivunia. Wenzangu wa kidato cha tatu wanakijua, kwa hivyo hata nikijaribu kukipaka rangi watanicheka.

Kwanza nieleze tunavyosoma. Shuleni kwetu kidato cha tatu kina vipindi vinne vya Historia na Serikali kwa wiki. Cha Jumatatu huja baada ya paredi, wakati akili bado ni mbichi. Vya Jumanne na Alhamisi huja baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata nzi husinzia dirishani. Cha Ijumaa huwa kabla ya mapumziko ya saa nne. Mwalimu wetu ana mtindo wake ambao haubadiliki. Huingia, huandika tarehe ubaoni, kisha huuliza maswali matatu ya kipindi kilichopita. Ole wako ukikutwa huna jibu, kwani utasimama mpaka mwenzako akuokoe. Baada ya hapo hutueleza somo kama mtu asimuliaye hadithi, halafu tunaandika nukuu, na katika dakika tano za mwisho hutoa kazi ya nyumbani. Kazi hiyo haikosi. Mvua inyeshe, jua liwake, homuweki ya Historia iko pale pale kama chumvi mezani.

Mambo ya kidato cha tatu ni mengi ajabu. Tumesoma mkutano wa Berlin ulioanza Novemba 1884 na kumalizika Februari 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaliwekeana masharti ya kugawana bara letu bila Mwafrika hata mmoja kuketi mezani. Tumesoma reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Tumesoma Nabongo Mumia aliyeshirikiana na Waingereza, Koitalel arap Samoei aliyewapinga mpaka akauawa mwaka 1905, na Mekatilili wa Menza aliyewaamsha Wagiriama mwaka 1913. Kila mmoja ana tarehe yake, na kila tarehe ina mtego wake.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Wenzetu wa shule za bweni wana prepu, sisi tuna ng'ombe. Nikitoka shuleni natembea kama kilomita tano hadi nyumbani, na nikifika nakuta maji hayajachotwa, ng'ombe hajakamuliwa, na ndugu zangu wadogo wananingoja niwasaidie hesabu zao. Kufikia saa tatu za usiku ndipo ninapofungua begi. Mara nyingine tokeni za stima zimekwisha, tunabaki na taa moja ya sola ambayo mama anaihitaji jikoni. Sisemi haya ili nionewe huruma, maana wengi wenu mnasoma hivyo hivyo. Nasema ili mjue kwamba mtu aliyechoka hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ndiyo iliyoniponza.

Katika mtihani wa muhula wa kwanza nilipata 9 kwa 25. Nilikuwa nimekariri tarehe usiku kucha kama kasuku, lakini nilipoketi zikachanganyika kama maharagwe na mahindi katika githeri. Nilimwua Koitalel mwaka 1895, nayo vita vya Chetambe nikavipeleka mwaka 1905, yaani niliwabadilishana kabisa. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Chetambe ni hapo karibu na Webuye. Umepita hapo mara ngapi?" Niliona haya. Ni kweli nimepita hapo mara nyingi nikienda kwa mjomba, na sikuwahi kujua kwamba mwaka 1895 Wabukusu walijikinga katika ngome pale wakipigana na Waingereza.

Sasa mwokozi wangu wa kwanza akaingia. Dada yangu mkubwa anasomea ualimu, na muhula wa pili alikuja nyumbani kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo jirani nasi. Kila jioni tuliketi meza moja, yeye akiandaa masomo ya kesho na mimi nikihangaika na homuweki. Miongoni mwa madaftari yake lilikuwamo moja lililoandikwa "Saikolojia ya Elimu." Nilimwuliza saikolojia ni kitu gani. Akasema, "Ni elimu ya jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi. Kwa mfano, kwa nini wewe husahau."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alinieleza habari za Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Ebbinghaus. Bwana huyu alitaka kujua mtu husahau kwa kasi gani, na alijifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, zaidi ya elfu mbili, akazikariri kwa mafungu, akangoja, kisha akapima ni kazi kiasi gani angehitaji ili kuzijua tena. Aligundua kwamba usahaulifu hukimbia mwanzoni na kutembea baadaye. Baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja theluthi mbili hivi ilikuwa imekwenda. Lakini kilichobaki baada ya hapo kiliendelea kupungua polepole sana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885.

"Mwaka 1885!" nikaruka. "Si huo ndio mwaka mkutano wa Berlin ulipokwisha?"

Dada alitabasamu akaniambia kwamba bwana huyo wakati huo alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Berlin. Hebu fikiria, ndugu msomaji! Katika jiji lile lile, wakubwa wanajadili Afrika juu ya ramani, na si mbali nao yuko mtu mmoja anayetaka kujua kwa nini binadamu husahau. Tangu usiku ule sijawahi kusahau mwaka wa mkutano wa Berlin, na nadhani sitausahau mpaka nizeeke.

"Umeona?" dada akasema. "Hukukariri. Umeunganisha." Akanieleza pia kwamba Ebbinghaus alijaribu kukariri beti za shairi la Mwingereza Byron, akaona kwamba kitu chenye maana kilimgharimu kama sehemu moja tu ya kumi ya jasho alilolitoa kwa silabi zile tupu. Kisha akanipa masharti. Kwanza, nisingoje usiku wa mtihani. Nirudie somo siku ile ile nikitembea kwenda nyumbani, kesho yake asubuhi, na tena mwisho wa wiki. Pili, nifunge kitabu nijiulize mwenyewe, maana kusoma tu hudanganya. Tatu, kila tarehe niipe maana.

Nilifuata. Njia yangu ya kilomita tano ikawa darasa. Mti mkubwa wa mgumo ulio karibu na lango la shule nikaufanya Berlin. Kinu cha kusaga unga nikakifanya reli, kwa sababu ya kelele zake. Daraja la mto nikampa Koitalel, kanisa nikampa Mekatilili. Nilipopita kila mahali nilijihoji kwa sauti, mpaka mama mmoja anayeuza ndizi akamwuliza jirani yake iwapo mtoto yule ni mzima. Dada alinichekesha pia kwa habari za Pavlov, yule Mrusi ambaye mbwa wake walidondokwa na mate waliposikia mlio waliouzoea kabla ya kulishwa. Nilimwambia mbona hakuhitaji mbwa, angekuja shuleni kwetu saa saba kamili kengele ya githeri inapolia.

Katika jaribio lililofuata nilipata 19 kwa 25. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa nikapigiwa makofi ya kilo. Wasichana wa safu ya mbele walianza kuazima daftari langu. Ama kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kujiona profesa. Nikaacha kujihoji njiani. Nikaanza kupitia dukani jioni kutazama mpira.

Siku ya Alhamisi moja mwalimu alitufundisha kuhusu kipande. Kusema kweli nilisinzia nusu ya kipindi. Kazi ya nyumbani ilikuwa hii: "Eleza chanzo cha mfumo wa kipande nchini Kenya na athari zake kwa Waafrika. Ukurasa mmoja na nusu. Kesho mezani kwangu." Jioni hiyo kulikuwa na mechi. Nilifika nyumbani usiku, nikala ugali baridi, nikalala.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika shuleni mapema kabla ya paredi. Darasani alikuwamo mwenzangu wa dawati peke yake. Sitamtaja jina. Nitamwita Jirani. Jirani si mwepesi sana wa masomo lakini ana bidii ya mchwa. Anaishi na shangazi yake anayeuza mboga sokoni, na mara nyingi huchelewa kwa kuwa lazima ambebee magunia alfajiri. Nilimwomba daftari lake "nione kidogo tu." Alinipa bila swali. Nikapiga kopi neno kwa neno, nikibadilisha maneno mawili matatu hapa na pale ili yasifanane. Nilimaliza kengele ilipokuwa ikilia.

Jumatatu mwalimu aliingia na madaftari mawili mkononi. Alikuwa mtulivu, na mwalimu mtulivu ni wa kuogopwa kuliko anayepayuka. Akasema, "Kuna watu wawili katika darasa hili ambao wameniambia kwamba sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1951."

Nilihisi tumbo likinisokota. Sheria ile ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jirani, kwa haraka ya alfajiri, alikuwa amegeuza tarakimu. Nami nilizinakili kama zilivyo bila hata kupepesa jicho. Mwalimu akaendelea, "Mwaka 1947 ilitungwa sheria nyingine ya kuwasajili watu wa rangi zote, na kipande cha shingoni kikaondolewa. Sasa hawa wawili wameanzisha kitu miaka minne baada ya kuondolewa. Mtu mmoja akikosea, ni kosa. Wawili wakikosea sawasawa, ni wizi. Nani alimnakili mwenzake?"

Jirani alisimama akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi niliandika yangu mwenyewe."

Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi. Mimi mwenye 19 kwa 25. Mimi niliyepigiwa makofi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa limefika kwenye ulimi. Niliinamisha kichwa. Kimya changu kikachukuliwa kuwa jibu, na jibu hilo likawa kwamba Jirani ni mwongo. Aliambiwa afyeke nyasi za uwanja kwa siku tatu na aje na mzazi Jumatano.

Jumatano ni siku ya soko. Shangazi yake alikuja shuleni akiwa na lesi yake kiunoni, akangoja nje ya afisi hadi karibu saa sita. Nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Jirani hakunisemesha. Hakunitukana wala hakuwaambia wengine. Alihamisha kiti chake kikawa mwisho wa dawati, basi.

Kwa sababu darasa zima halikuwa limefanya vizuri, mwalimu alitoa homuweki mpya: kila mtu aende nyumbani amwulize mtu mzima wa rika la juu kuhusu kipande au kazi za mashamba ya wazungu, aandike anachosikia. "Safari hii," akasema, "hamtaweza kunakiliana, labda kama mna nyanya mmoja."

Jioni hiyo nikaenda kwa nyanya, mama yake baba. Sisi tunamwita kukhu. Alizaliwa mwaka ule Vita vya Pili vilipokwisha, kwa hivyo hakuona mengi kwa macho yake, lakini alilelewa katika shamba la mzungu karibu na Kitale ambako baba yake alikuwa kibarua. Nilimkuta akipepeta maharagwe. Nilipotaja neno kipande aliacha kupepeta, akaingia chumbani, akatoka na kikopo cha bati chembamba ambacho nimekiona maisha yangu yote. Ndani yake huweka sindano na vifungo vya shati. Hata mimi nimewahi kutumwa nikilete ili aniwekee kifungo cha sare.

"Hiki ndicho," akasema. "Kilikuwa shingoni mwa baba yangu. Karatasi ililiwa na mchwa zamani."

Nilikishika kama mtu aliyeambiwa kikombe anachokinywea kilikuwa cha mfalme. Ndani ya kikopo kama hicho, mjukuu wa leo, ndimo ilimokuwa karatasi yenye jina la mtu, kabila lake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuwa nayo, na akikutwa bila hiyo ni jela au faini. Mimi nina miaka 16. Ningezaliwa wakati ule, badala ya begi la vitabu ningekuwa na bati hilo kifuani. Wagikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Ndiyo maana Harry Thuku alipowakusanya watu mwaka 1921 kulalamikia kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kipande, walimfuata kwa wingi, na alipokamatwa Machi 1922 umati ukaja mpaka kituo cha polisi Nairobi. Risasi zikafyatuliwa. Mary Nyanjiru akawa miongoni mwa waliokufa. Haya yote yalikuwa katika nukuu nilizosinzilia.

Lakini ambalo halikuwamo katika nukuu ni hili alilonieleza nyanya. Ubaya wa kipande haukuwa bati. Ulikuwa saini. Ukiandikwa kazi, mwajiri anaweka saini. Huwezi kuondoka mpaka aweke saini nyingine kuonyesha kwamba amekuachilia. Ukienda bila hiyo wewe ni mtoro, unatafutwa na polisi.

"Baba yangu alikuwa kijana," nyanya akasema. "Ujumbe ukaja kutoka nyumbani kwamba mama yake ni mgonjwa. Akaenda kwa mzungu kuomba ruhusa. Mzungu hakumpigia kelele. Alisema tu, mahindi yavunwe kwanza. Baba akangoja. Kila siku anamwona yule mtu ana kalamu mfukoni. Mahindi yakavunwa, saini ikawekwa, akaenda nyumbani. Alikuta kaburi limeshaota nyasi."

Nyanya akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpaka anakufa hakusema juu ya kazi ngumu. Hakusema juu ya posho. Alisema juu ya ile kalamu. Mtu alikuwa na neno moja la kuandika, akakaa nalo."

Sikumwambia nyanya chochote kuhusu shule. Hakujua. Lakini nilihisi kama ametoka kwenye afisi ya mwalimu. Nilisaidia kupepeta maharagwe yaliyobaki kwa sababu sikutaka aone uso wangu. Usiku niliandika homuweki ile kwa mkono wangu mwenyewe, kurasa tatu na nusu, na sikutazama daftari la mtu.

Siku ya kuisoma ilipofika mwalimu aliniita wa pili. Nilisoma mpaka mwisho. Darasa lilinyamaza, na nilipofika kwenye kaburi nikasikia mtu akipenga kamasi nyuma. Mwalimu akasema, "Vizuri sana. Keti." Sikuketi. Nikasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemnakili Jirani. Yeye aliandika yake mwenyewe kama alivyosema."

Sitawadanganya kwamba niliisema kwa ushujaa kama wa filamu. Sauti ilinikatika katikati na nililazimika kuirudia. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimgeukia Jirani akamwambia mbele yetu sote, "Nilihukumu kabla ya kuuliza vizuri. Nawafundisha kila siku kwamba ushahidi husikilizwa pande zote, na mimi mwenyewe sikusikiliza. Nisamehe." Kwangu mimi alikuwa na maneno machache: fyekeo liko stoo, na uwanja una upande mwingine. Nilifyeka siku tano. Malengelenge yalinitoka mikononi, na kila lengelenge nilijua jina lake.

Jumamosi dada alinisindikiza kwa shangazi yake Jirani. Nilimwomba radhi. Nilimwambia nitamlimia bustani yake ya sukuma wiki, na nikailima kweli, Jumamosi mbili mfululizo. Alinipa uji na akanisamehe. Lakini alipokuwa akiniaga alisema, "Nimekusamehe, mwanangu. Ila siku ya soko hairudi." Neno hilo ninalo mpaka leo. Mboga zake za Jumatano ile zilinyauka, na hakuna adhabu niliyopewa iliyozirudisha mbichi.

Na Jirani je? Hakunisemesha kwa wiki mbili zaidi. Nilitamani anitukane tupate kuyamaliza. Halafu jioni moja nikiwa njiani, karibu na kinu cha unga, nikasikia nyayo nyuma yangu. Ni yeye. Tukatembea kimya mpaka darajani. Hapo akaniuliza bila kunitazama, "Kipande kilianza mwaka gani?"

Nikasema, "1915."

Akasema, "Si 1951?"

Tukacheka mpaka tukaegemea ukingo wa daraja. Tangu siku hiyo tunarudi pamoja. Yeye ananihoji, nami namhoji, na nimemwonyesha mgumo wetu wa Berlin. Muhula huu yeye amenipita kwa alama mbili, na sioni wivu. Au tuseme, naona kidogo.

Wenzangu, hasa nyinyi wa madarasa ya chini, naomba niwape ushauri kabla sijaweka kalamu chini. Homuweki si ya mwalimu. Ukimwibia mwenzako kazi yake, humdanganyi mwalimu pekee, bali unajinyima lile unganisho ambalo akili hulihitaji ili isisahau. Jihojini njiani, kilomita tano ni darasa la bure. Waulizeni wazee wenu wangali hai, kwa maana mchwa hawachoki. Na iwapo mwenzako anafyeka nyasi kwa kosa lako, usingoje mahindi yavunwe.

Kuhusu ile methali ya yaliyopita si ndwele, bado ninaipenda. Lakini nimeongeza sharti langu: mtu kwanza aseme yaliyopita yalikuwa nini. Kikopo cha nyanya bado kina sindano na vifungo. Wiki jana kifungo cha sare kilinitoka tena, akanituma nikilete. Nilikibeba kwa mikono miwili.

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.